Mama Mkwe kwenye Kiti Changu

Mimi niliishia darasa la saba, na malori manne ya kuvuta magari mabovu hapa Dallas ni yangu. Natanguliza hayo kwa sababu ukoo wa mke wangu hutanguliza vyeti. Nilipopeleka posa waliniuliza nimesoma hadi wapi kabla hawajaniuliza kama nimekula.

Januari ya 2018 mama mkwe alikuwa anamaliza miezi mitatu nyumbani kwetu Cedar Hill. Wiki iliyofuata angerudi Mwanza, na wanawe wenye digrii wangemkalisha wamuulize: yule bwana ni mtu, au ni dereva tu aliyemwoa dada yetu? Mimi nilitaka arudi na la kusema. Lakini muda wote huo hakuwa amenisemesha ana kwa ana. Ndivyo heshima ilivyo kwao: mkwe na mama mkwe hawakaribiani, neno hupitia kwa mke. Kitu kimoja tu kilinifikia, kwamba samaki wa huku wana ladha ya friji.

Basi. Wakati wa baridi serikali ya jimbo huleta lori la trauti, samaki wa maji baridi, na kuwamwaga kwenye bwawa la bustani ili watu wavue. Jumamosi tukaenda: mimi, mke wangu, mama, na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwenye digrii mbili na hajawahi kushika samaki aliye hai.

Watu walikuwa wamejazana pale lori linapomwagia, kama kuku wanaosubiri mahindi. Shemeji akatoa simu.

"Shemeji, nime-check. App ya uvuvi inasema tukae hapa hapa."

"Hiyo app imewahi kula samaki?"

Mimi nilikuwa nimetazama video za wazungu wa kaskazini wanaotoboa barafu ziwani na kuvulia tunduni. Nilichoshika ni kimoja: trauti hufuata baridi. Nikalizunguka bwawa mpaka kona yenye kivuli, ambako barafu nyembamba kama kioo cha dirisha ilikuwa imeganda ukingoni. Mamia ya macho pale, na aliyeiona ni mimi peke yangu. Nikaipasua kwa nyundo ya kazini, nikaweka kiti, nikatia chambo, nikatupa ndoano, nikaegemeza fimbo ya kuvulia kitini, nikaenda garini kuchukua glavu.

Niliporudi, mama alikuwa amekaa kwenye kiti changu, fimbo yangu mkononi.

Kumwinua siwezi. Kusimama kando yake siwezi. Nikakaa nyuma ya mti, uso nimeugeuza, nikafundisha uvuvi kupitia kwa mke wangu, aliyesimama kati yetu.

"Mwambie mama asiitikise."

"Mama, usiitikise."

"Mwambie ni baridi inayotikisa, si mimi," mama akamjibu.

Boya la mshipi likazama.

"Mwambie avute!"

"Mama, anasema..."

"Nimesikia!"

Fimbo ikapinda, kiti kikaanza kuinamia majini. Shemeji alikuwa anarekodi. Nikakimbia, nikaishika fimbo pamoja naye, mkono wangu juu ya wake, bega kwa bega, tukavuta mpaka mshipi ukakatika na sote wawili tukakaa topeni.

Mke wangu kaziba mdomo. Nikaiona habari itakayofika Mwanza: hakusoma, na tena kamgusa mama mkwe wake.

Mama akajipangusa tope, akanitazama usoni.

"Alikuwa mkubwa," akasema.

"Mkubwa sana, mama."

"Hapa tumeshawatisha. Chagua pengine."

Shemeji akasogea na simu yake. "Mama, app inasema kule kwenye watu..."

"Wewe beba kiti. Mkwe wangu anatafuta barafu."

Nikatangulia, nyundo begani, yeye nyuma yangu akiniuliza hiki na kile. Jua lilikuwa limepanda na barafu yote imeyeyuka, lakini hilo sikulisema. Nikachagua kona nyingine kwa uso wa mtu anayejua, na mke wangu, alipoona hana tena neno la kupitisha, akaenda kukaa garini.