Siku Dada Alipopita Doha

Dada yangu anasoma elimu ya misitu huko Estonia. Nikiwaambia watu hapa, huniuliza huo ni mji wa nchi gani. Nasema ni nchi, ila ndogo. Mara ya kwanza nilipoitafuta kwenye ramani ya simu, kidole gumba changu kiliifunika yote, nikadhani simu imegoma kuionyesha.

Mimi ni mlinzi wa jengo la kupanga hapa Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Nakaa mezani chini karibu na lifti, nafungua mlango, napokea mizigo ya wapangaji. Niliishia darasa la saba. Dada aliendelea mpaka chuo, halafu akapata nafasi ya kusoma Ulaya, akaondoka mwaka uleule niliokuja mimi huku. Hatukuagana vizuri. Nilipopita Dar kupanda ndege, yeye alikuwa amerudi chuoni kufuata vyeti vyake. Tulisema tutaonana. Tangu hapo nimemwona kwenye kioo cha simu tu, na kioo cha simu yangu kina ufa unaompita shavuni.

Tuna namna yetu ya kuongea. Nikitoka zamu nampigia, naweka simu kitandani, napiga pasi sare. Yeye anaiweka yake kwenye dirisha la jiko analotumia na wanafunzi wenzake, anapika. Mimi si mwongeaji, na kuandika ndiyo kabisa. Naandika herufi moja moja mpaka yeye anauliza, "Unaandika au umelala?" Kwa hiyo tunaacha simu wazi tu. Nasikia kisu chake kikikata vitunguu. Yeye anasikia pasi na kiyoyozi, na mwenzangu wa chumbani, dereva Mkenya, akilalamika kwamba nimemaliza maji ya moto.

Hivyo ndivyo nilivyoijua ile nchi, vipande vipande, kati ya kitunguu na sufuria. Najua kwamba wanavua viatu mlangoni kama watu wa pwani. Najua wanakula mkate mweusi wenye uchachu ambao dada aliutupa wiki ya kwanza, na sasa hawezi kukaa bila huo. Najua kwamba majira ya baridi giza linaingia watu wakiwa bado darasani, na kila mtu ananing'iniza kwenye koti kipande cha plastiki kinachong'aa ili magari yamwone. Nilimwambia mimi pia nina fulana inayong'aa. Akasema basi tuko kazi moja.

"Jana nilimsalimia bibi mmoja kwenye ngazi," aliniambia siku nyingine. "Akashtuka, akadhani nina shida."

"Ukafanyaje?"

"Nikaomba radhi. Sasa kila akiniona ananiwahi yeye. Nafikiri ananihurumia."

Mwalimu wao wa msituni ni mzee mwenye mvi, na wanafunzi wote wanamwita kwa jina lake la kwanza. Dada alishindwa. Akawa anamwita "mwalimu" kwa Kiswahili, na yule mzee akalipenda neno, akawa anaitika. Siku moja aliwapeleka msituni, akawaambia wafumbe macho na washike magome ya miti, waseme ni mti gani. Dada alipoushika wake hakuhitaji kusubiri. Ulikuwa mpaina, kama ile iliyojaa mashamba ya kwetu.

"Nilisikia harufu ya nyumbani Makambako," akasema. "Mbele ya watu, macho nimefumba. Nilikuwa karibu kulia."

Kesho yake mpangaji wa juu aliletewa kabati jipya, mbao zikiwa bado ndani ya boksi. Wabebaji walipokwenda kuita lifti niliinama nikanusa pembeni palipochanika. Ilikuwa harufu ya gundi zaidi. Kwa chini, mbali sana, labda na ya mpaina.

Mwaka huu chuo chake kilimruhusu kuja nyumbani likizo ndefu kupima miti ya kwetu kwa ajili ya masomo yake. Alikwenda kwa njia nyingine, kupitia Uturuki. Ila tiketi ya kurudi ilipita huku.

"Ijumaa napita Doha," akaniambia. "Nafika asubuhi, naondoka alasiri."

Nililisikia neno moja tu, napita. Na hapo inabidi nieleze sisi ni watu wa wapi, maana mtu wa kwingine angeuliza maswali ambayo sisi wawili hatukuuliza. Makambako ni njia panda. Mabasi ya Songea, ya Mbeya na ya Dar yote yanasimama pale. Kwetu, ndugu akikuambia anapita, unajua la kufanya: unapika, unafunga, unakwenda stendi. Basi likisimama unatafuta dirisha lake. Anakupa alichotumwa, unampa ulichobeba, mnashikana mikono, anakuuliza mbona umekonda. Shangazi zangu na wajomba nimewajulia dirishani. Binamu mmoja mpaka leo sijawahi kumwona miguu.

Kwa hiyo dada alisema anapita, nami nikapika. Ijumaa ni siku yangu ya mapumziko. Niliamka nikasukuma chapati, nikaunga njegere kwa nazi ya kopo, nikakaanga na samaki wawili. Nikapanga kwenye hotipoti, nikaifunga kwa kitambaa. Nilikuwa nimenyoa. Yule dereva Mkenya akasema atanipeleka, tunakaa Al Thumama, uwanja wa ndege ni jirani tu.

"Leo Mbongo ananukia," akasema tulipoingia barabarani. "Mpaka marashi. Huyu sista umekaa bila kumwona mda gani?"

"Tangu nije."

"Na anakuja kukaa siku ngapi?"

"Hakai. Anapita."

Akapunguza mwendo.

"Anapita, yaani anabadilisha ndege?"

"Ndiyo."

"Na viza ya hapa ako nayo?"

"Anayo ya huko anakosoma."

"Hiyo ni ya huko. Ya hapa, Mbongo?"

Niliangalia hotipoti mapajani. Nikasema labda si lazima atoke kabisa, anaweza kusogea karibu, tukaonana tu.

"Karibu wapi?"

Kumbe kichwani mwangu siku zote hizo kulikuwa na dirisha.

Nilingoja acheke, maana hucheka kwa mambo madogo kuliko hayo. Kila siku husema sisi Wabongo tunaongea kama tunaomba msamaha. Siku ile hakucheka. "Sasa si ungeniuliza, bana," akasema taratibu. "Tunalala chumba moja." Nikafikiri atageuza gari. Akaongeza mwendo. "Twende tu. Hauwezi jua, pengine kuna mtu atamsaidia."

Nilisimama wanapotokea abiria, karibu na nguzo. Milango ya vioo ilikuwa ikifunguka na kufungika. Kila ilipofunguka niliona kipande cha sakafu inayong'aa na watu wanaosukuma mizigo, na kila mwanamke mwenye kitambaa kichwani alikuwa yeye mpaka alipokaribia. Ndipo simu ikaita.

"Uko wapi?" dada akauliza.

"Hapa nje wanapotokea. Wewe?"

"Nilifuata kibao cha kutokea, nikafika kwenye meza za pasipoti. Yule kijana wa pale kaniambia kwa upole tu, kibali kinaombwa kabla ya safari. Wamenirudisha juu." Akavuta pumzi. "Mdogo wangu, sisi ni wajinga."

"Nimepika," nikasema.

"Umepika nini?"

Nikamwambia. Kwenye simu yake nikasikia sauti ya mwanamke ikitangaza safari. Sauti ileile ilikuwa ikisikika, nyembamba, kila milango ilipofunguka mbele yangu.

"Humu ndani kuna miti," akasema. "Miti mizima, ndani ya nyumba."

"Ya aina gani?"

"Usimwambie mwalimu wangu. Siijui."

Tukacheka, halafu nikasikia yeye hacheki tena.

"Umekonda?" akauliza.

"Kidogo."

"Nilijua. Geuza simu nikuone."

Tukawasha picha, lakini mtandao wa ndani ulikuwa ukikatika, nikamwona akiwa ameganda, mdomo wazi, ufa umempita shavuni kama kila siku. Nikazima. Sikutaka siku ile aonekane kama kila siku.

"Mama amekufumia sweta," akasema. "Ninalo hapa mkononi. La kijani."

"Sweta, Doha?"

"Nilimwambia. Akasema upepo hauna nchi. Na mikono ni mirefu, anadhani bado unakua."

Kulikuwa na mambo niliyotaka kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga kwa siku nyingi nikiwa pale mezani kwangu karibu na lifti. Nilitaka kumuuliza darasani wanakaaje, na kama mtu wa darasa la saba akiingia akakaa nyuma watamwona. Nilitaka kumwambia kwamba nikizima pasi huwa naiacha simu wazi, namsikiliza akiosha vyombo.

"Livae wewe," nikasema.

"Ni lako."

"Huko kuna baridi. Livae."

"Nitakunja mikono," akasema.

Tuliendelea hivyo, simu wazi, mpaka akaitwa kwenye mlango wa ndege yake. Yule Mkenya alikuwa ameniacha peke yangu muda wote. Nilipofika kwenye gari aliitazama hotipoti, hakuuliza. Kwetu mama hataki chakula cha msafiri kirudi jikoni, kwa hiyo nikaifungua palepale kwenye maegesho, tukala tukiwa tumekaa, milango wazi, joto likiingia.

"Hizi chapati ni wewe?" akauliza. "Aki, sista amekosa..." Akajikatiza, akatafuna. "Pole, Mbongo."

"Asante, kaka."

Tulipomaliza akawasha gari. "Twende?"

"Bado."

"Unangoja nini sasa?"

"Iondoke."

Akazima. Ndege zilikuwa zikipaa moja baada ya nyingine, zote zikiwa na rangi moja, na sikuweza kujua yake ni ipi. Nikawa nazitazama zote. Yeye akalaza kiti, akafunika uso kwa kofia. Tulikaa mpaka saa ya safari yake ikapita kwa mbali.

Jioni mama akapiga.

"Mlionana?"

"Hatukuonana, mama. Wanaopita hawaruhusiwi kutoka."

"Hata dirishani?"

"Hakuna dirisha."

Nyuma yake upepo ulikuwa ukipiga bati. Nikajua anajaribu kuipata picha ya stendi isiyo na madirisha.

"Naye alijua uko pale?"

"Alijua."

"Ulingoja mpaka akaondoka?"

"Nilingoja, mama."

"Haya," akasema. Halafu akauliza kama lile sweta linanitosha, akidhani dada alimpa mtu aniletee, maana dada alikuwa bado angani na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba ameondoka nalo. Nikasema mikono ni mirefu kidogo.