Utafiti wa kisima chetu umesomwa kila mahali isipokuwa hapa

Ndugu zangu, niambieni kama nakosea kukasirika.

Leo tumemchinjia mbuzi mtafiti aliyepima maji ya kisima chetu miaka ile. Tulidhani ameleta majibu.

Kumbe amekuja kutushukuru, kwa sababu makala yake inanukuliwa na wataalamu wa nchi nyingi.

Nikawaeleza wenzangu kwamba kunukuliwa ni msomi kutaja kazi ya mwenzake katika maandishi yake.

Jirani yangu, Mama Bhoke, akamkatiza mgeni. "Mwanangu, hongera. Sasa maji tunywe au tusinywe?"

"Hayafai kwa watoto, mama. Yanaharibu mifupa. Niliandika kwenye makala."

Kwa Kiingereza. Hakuna aliyetuletea.

Mama Bhoke akamsimamisha mbele yake mjukuu wake, mwenye miguu iliyopinda.

"Basi msomee huyu."