Kamisheni ya Laki Tatu

Kwa miaka thelathini na minne Hironimus Komba alifundisha hisabati katika shule za msingi, na alipostaafu watu wa Mjimwema, Songea, waliendelea kumwita Mwalimu, bila jina. Mtu akipewa karatasi ya mkopo asiyoielewa aliambiwa, "Mpelekee Mwalimu akupigie hesabu." Naye alipiga, akashukuriwa, na shukrani zile zilimlevya polepole bila yeye kujua.

Kiinua mgongo chake kilikuwa milioni arobaini na mbili. Mkewe Kunegunda, fundi wa kufuma masweta ya shule, alitoa ushauri mapema.

"Baba Leticia, tusiweke zote mahali pamoja. Nyingine tununue hatifungani za serikali, nyingine zikae benki tukiugua."

Mwalimu alicheka. "Hatifungani inakupa kwa mwaka mzima kile ambacho hawa wa parachichi wanatoa kwa mwezi."

Hawa wa parachichi walikuwa na ofisi yenye viti vipya karibu na stendi. Wakala wao aliitwa Anselmo, kijana mpole, mwenye shikamoo nyingi. Alieleza kwamba mwekezaji anatoa fedha, kampuni inalima, na kila mwezi mtu anapokea asilimia kumi na mbili. Hironimus alimwambia mkewe kwamba ameweka milioni kumi. Kumbe aliweka thelathini.

Miezi mitatu ya kwanza fedha ziliingia kwenye simu bila kuchelewa hata siku moja, naye akazirudisha zote kulekule. Hapo ndipo Suzana alipokuja. Alikuwa mjane wa Osmund, mwalimu mwenzake wa zamani, akiishi Lusewa, na alikuwa mjini kufuatilia mirathi ya mumewe. Alikaa sebuleni akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Shemeji, wewe ndiye unayejua hesabu. Hizi milioni tisa za Osmund nizifanyeje?"

"Weka," Hironimus alijibu.

Kesho yake alimpeleka mwenyewe ofisini, Suzana akatia saini mkataba. Jioni simu yake ikalia: laki tatu, kamisheni ya kuleta mteja. Alinunua suti ya kijivu, akaivaa misa ya Jumapili, na Kunegunda alipouliza akasema ni faida.

Mwezi wa tano fedha hazikuingia. Mwezi wa sita ofisi ilifungwa kwa kufuli, na namba ya Anselmo haikupatikana tena. Watu walikwenda polisi kwa makundi. Hironimus alisimama nyuma kabisa, kofia ameishusha usoni, lakini foleni ni foleni, ilimfikisha mezani. Askari aliyekuwa akiandika maelezo aliinua kichwa, akasimama ghafla.

"Shikamoo, Mwalimu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na wewe?"

Hironimus alivua kofia. Aliambiwa akae kwenye benchi asubiri, na akiwa pale kichwa chake, kwa mazoea tu, kikaanza kupiga ile hesabu ambayo hakuwahi kuipiga. Milioni moja, asilimia kumi na mbili kwa mwezi, faida ikirudishwa ndani: mwaka mmoja inakaribia milioni nne. Miaka mitano, karibu milioni mia tisa. Swali la riba, la aina aliyokuwa akiwapa watoto wa darasa la saba. Tena yeye ni mtoto wa mkulima, alijua fika kwamba mparachichi huchukua miaka kabla ya kuzaa. Hawa walilipa mwezi wa kwanza. Walivuna nini?

Nyumbani alimweleza mkewe kuhusu zile thelathini. Kunegunda hakupiga kelele. Alizima mashine ya kufumia, akauliza kitu kimoja.

"Na Suzana je?"

Hironimus akapanda basi la alfajiri kwenda Lusewa, akiwa na sukari kilo mbili na sabuni mche mmoja. Suzana alimpokea mlangoni, akamkaribisha ugali kwanza kama ilivyo desturi. Alipomweleza kwamba kampuni imetoroka, mama yule aliacha kula.

"Shemeji, ule mkataba uliusoma?"

"Sikuusoma."

"Hata ukurasa mmoja?"

"Hata mmoja. Na kuna jambo jingine." Macho yake yalikuwa sakafuni. "Nilipokupeleka, walinilipa. Laki tatu."

Suzana alisogeza sahani pembeni. "Kumbe niliuzwa," alisema. "Mke wa Osmund niliuzwa laki tatu. Umeileta?"

Hakuwa ameileta. Alikuwa ameleta sukari. Aibu ile ilimpanda mpaka masikioni, kubwa kuliko ya polisi, maana huku hakukuwa na wa kulaumiwa ila yeye.

Ilimchukua miezi mitatu kuikusanya, maana milioni kumi na mbili zilizobaki Kunegunda alizifungia benki, za kuugua. Pensheni yake ya mwezi ni ndogo, na suti aliiuza kwa nusu ya bei. Alipoipeleka ile laki tatu, Suzana aliipokea akaihesabu mbele yake, noti kwa noti, bila kusema asante.

"Sasa nataka kuiweka benki, akaunti ya muda maalumu. Utanisindikiza."

"Mimi? Shemeji, tafuta mtu mwingine."

"Wewe. Na utanisomea."

Wiki ile walikaa benki mjini Songea, mbele ya dada wa kaunta. Suzana aliiweka fomu mikononi mwa Mwalimu. Hironimus alianza kusoma kwa sauti, mstari kwa mstari, hata yale maandishi madogo ya chini, na kila aliporuka neno Suzana alimgusa mkono: "Rudia hapo." Nyuma yao foleni ilirefuka. Mtu mmoja alinong'ona, "Si Mwalimu yule?" Hironimus alikohoa, akarudia pale alipoambiwa arudie.

Ukurasa wa pili ulikuwa bado.