Mkono wa Ami Bakari

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu ndani ya gari, na nikishamaliza kucheka bado naona haya kidogo. Nimeificha miaka mingi. Mamako anaijua kwa sababu alikuwepo, na ni ustahimilivu wake tu uliomfanya asikusimulie. Leo nitakusimulia mwenyewe, kwa hiyo weka hiyo simu pembeni uketi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwezi wa Machi, theluji imeanza kuyeyuka na barabara za Saint Paul, hapa Minnesota, zimejaa tope jeusi. Nilikuwa mwanafunzi, na siku nisizokuwa na masomo nikiuza viatu katika duka moja kule Maplewood. Nilikuwa mwembamba, nina maneno mengi, na nilikuwa nimempenda mamako Rukia hadi chakula hakipiti kooni. Rukia naye alikuwa akisomea uuguzi. Baba yake alikuwa Mombasa, lakini hapa alikuwa chini ya ami yake, ndugu mdogo wa baba, Ami Bakari wa Coon Rapids. Baba mtu alikuwa amesema kwa simu kwamba atakalolikubali Bakari na yeye amelikubali. Yaani neno la mtu mmoja tu ndilo lililobaki kati yangu na mke.

Huyu Ami Bakari alikuwa mpishi wa harusi Mombasa kwa miaka ishirini, wale wanaoitwa siku mbili kabla, wakaonyeshwa uwani pa kuteleka masufuria na kuachiwa kazi. Hapa alipika jikoni mwa hospitali, viazi vya kuponda na supu isiyo na chumvi, wala hakulalamika. Alikuwa mnene, mpole, kofia ya viua, ile ya kudariziwa, haimtoki kichwani hata katika baridi ya Januari.

Adabu ilinitaka niende nyumbani kwake, nikae, nijibu nikiulizwa. Mimi nikajitia ujanja. Nikamwambia Rukia nataka kumwalika ami yake chakula cha mchana mahali pa maana, aone kwamba mimi ni kijana niliyeuelewa mji huu. Rukia akanionya kwamba ami hali nyama ya mikahawani kwa kuchelea isiwe halali, labda samaki. Nikasema vizuri, upo mkahawa wa Wajapani, mimi ni mteja wao wa kila siku. Uongo mtupu, mwanangu. Nilikuwa nimeingia mle mara moja, nimepelekwa na msimamizi wangu wa dukani, na siku hiyo nilikunywa supu tu kwa kuogopa kuonekana sijui kushika vijiti. Basi wiki mbili nzima nikafanya mazoezi chumbani kwa penseli mbili, nikiokota njugu moja moja sakafuni.

Mkahawa ule ulikuwa wa familia moja tangu kabla sijazaliwa. Mzee aliyeuanzisha pamoja na marehemu mkewe alikuwa bado amesimama nyuma ya kaunta akikata samaki, na binti yake, mwanamke wa makamo, ndiye aliyepokea wageni. Ukutani palijaa picha zao: harusi, watoto wachanga, wajukuu waliovaa majoho ya kuhitimu. Upande mmoja palikuwa na sehemu iliyoinuliwa, imetandikwa mikeka, na meza fupi. Binti akatuonyesha huko, akatuomba tuvue viatu.

Ami Bakari alifurahi kupita kiasi. Alisema alhamdulillahi, hatimaye ameona watu wanaojua kukaa. Akapanda, akakunja miguu, akatulia. Mimi muuza viatu nilikuwa na soksi iliyotoboka kidole gumba, nikapanda kinyumenyume ili pasionekane. Rukia aliona, akaziba mdomo kwa mtandio.

Nikaagiza kwa sauti kubwa, majina yote niliyokuwa nimeyakariri. Kabla sijamaliza, Ami akamuuliza yule binti wa mzee kwa upole kama katika vyakula hivyo mna nguruwe au pombe. Uso ukaniwaka moto. Nikamwambia yule binti haraka kwamba hakuna haja, sisi tunavifahamu vyakula vyao. Hakunisikiliza mimi, alimsikiliza mtu mzima. Akaenda kumuuliza baba yake, akarudi na kutueleza kwamba viwili kati ya nilivyoagiza vinapikwa kwa pombe ya mchele, na kwamba baba yake atatuchagulia vinavyotufaa. Hapo ndipo ningepaswa kuzinduka. Sikuzinduka, nilitazama pembeni tu kuona nani amesikia.

Ikaja sahani ndefu ya matonge madogo ya wali, kila tonge limelazwa kipande cha samaki mbichi juu yake. Ami alimtazama yule samaki kwa muda, kama anayemsalimu mgeni asiyemjua. Kisha akajifuta mikono vizuri kwa kile kitaulo cha moto tulicholetewa, akasema bismillahi, akashika tonge kwa vidole vitatu.

Nami, mwanangu, nikamwinamia mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya mtoto wa ndugu yake, nikamwambia:

"Ami, hapa hawali kwa mkono. Watu watuangalia."

Hakuna aliyekuwa akituangalia. Meza ya jirani walikuwa kina mama wawili wakibishana juu ya paka. Ami alilirudisha tonge kwenye sahani. Nikamtia vijiti mkononi, tena nikamwelekeza, kidole hiki hapa, kile pale. Akajaribu. Tonge la kwanza likaanguka, la pili likatumbukia kwenye mchuzi wa soya likavunjikavunjika. Akaviweka vijiti chini taratibu, akajifuta vidole ambavyo vilikuwa safi, akasema yeye ameshiba.

Wewe wajua kwetu mgeni akisema ameshiba kabla hajala maana yake ni nini. Posa yangu ilikufa pale pale, na nilikuwa bado sijaitamka. Nilijaribu kutia mazungumzo, nikasifu hali ya hewa, tena ya Machi ya Minnesota. Rukia hakuniangalia hata mara moja.

Aliyetuokoa ni yule mzee wa kaunta. Mpishi humwona mtu aliyeacha kula hata akiwa ng'ambo ya ukumbi. Alifuta kisu, akaja pole pole na binti yake, akainama, akauliza kama samaki ana kasoro. Mimi nikafungua mdomo niseme hakuna neno. Rukia akanitangulia. Akamwambia kwa Kiingereza chepesi, moja kwa moja, kwamba samaki hana kasoro, bali ami yake alikuwa akila kwa mkono akakatazwa.

Yule mzee alimtazama Ami, akanitazama mimi na vijiti vyangu, akacheka hadi akashika meza. Kupitia kwa binti yake akatueleza kwamba matonge yale huyatengeneza kwa mikono yake, na kwamba yeye mwenyewe, baba yake na babu yake wameyala kwa mikono maisha yao yote. Vijiti huviweka kwa anayevitaka. Akarudi kaunta, akatengeneza sahani nyingine, akaileta mwenyewe, akasimama akingoja. Ami akala tonge la kwanza. Akafumba macho. Akala la pili, akauliza wali huu umetiwa siki kiasi gani na umepozwa vipi.

Hapo tena wakasahau kwamba sisi wengine tupo. Yule mzee alimchukua Ami nyuma ya kaunta, akamwonyesha bakuli pana la mbao lenye wali na upepeo wa kuupoza. Ami akavua saa, akanawa, akashika upepeo akaanza kupepea, huku mzee akigeuza wali kwa mwiko. Mmoja hajui Kijapani, mwingine hajui Kiswahili, na Kiingereza cha wote wawili ni cha kuombea maji, lakini walielewana kuhusu mchele kuliko nilivyowahi kuwaona watu wakielewana kuhusu jambo lolote. Ukumbi mzima ukawa watabasamu. Binti alileta kamera.

Rukia na mimi tukabaki mezani. Nikamwambia sikuwa na nia mbaya. Akanijibu kwa ile sauti unayoijua, ambayo haipandi:

"Athmani, leo ni Ami. Mamangu akija na leso yake kichwani, utamwambia avue? I need to know now."

Nilipiga moyo konde, nikaondoka na soksi yangu ile ile, nikavuka ukumbi hadi kaunta. Nikamwambia Ami anisamehe, nilimwonea haya. Hakuacha kupepea.

"Hukunionea haya mimi," akasema. "Ulikuwa wajionea haya wewe mwenyewe, haya zako ukanivisha mimi. Kijana, Rukia simpi mtu ambaye mlango ukigongwa atamficha mama yake jikoni."

Nikasema nimeelewa. Akasema kuelewa si kazi. Jumamosi inayofuata niende kwake Coon Rapids, na nisiende peke yangu. Niwachukue hao hao ninaowaogopa macho yao, watu wa kazini kwangu, tukale pamoja kwa sinia.

Mwanangu, wiki ile niliiogopa kuliko mtihani wowote. Siku ya Jumatano wakati wa mapumziko nikamfuata msimamizi wangu, jitu refu la ndevu nyekundu, na wasichana wawili tuliouza nao viatu. Nikawaambia mzee wangu anawakaribisha, tutakaa chini, tutakula kwa mkono kutoka sinia moja. Nilingoja wacheke. Msimamizi akauliza jambo moja tu, alete nini. Nikamwambia chochote kisicho na nyama. Akaja na bakuli la tambi zilizookwa na jibini, limefungwa kwa taulo lisipoe, kama wanavyofanya watu wa huku wakialikwa.

Biriani ya siku hiyo sitaisahau hadi naingia kaburini. Ami alikuwa amepika kama yuko uwani kwao, na nyumba nzima ikanukia zafarani. Wanaume tulikaa sinia moja, wanawake sinia ya pili, mikeka kila mahali, na zile tambi za msimamizi katikati kwa heshima zote. Ndevu za yule bwana zilijaa wali. Wale wasichana walifundishwa na mke wa Ami kukusanya tonge, wakashindana nani haangushi. Nilicheka hadi machozi, na katika kucheka nikagundua kwamba ule woga umenitoka na sikujua umetoka saa ngapi.

Kisha Ami, bila kunitazama, akachambua nyama laini ya mguu, akaisogeza mbele yangu, upande wangu wa sinia. Kwetu mwenye nyumba hamfanyii hivyo mtu wa kupita. Mkewe aliona kutoka sinia ya pili, akapiga kigelegele kimoja kirefu, na wale wasichana wa dukani wakakiiga bila kujua wanashangilia nini. Usiku huo huo simu ikapigwa Mombasa kwa babake Rukia.

Sasa nakuja kwako. Nyanya yako, mzaa mamako, ametimiza mwezi tangu aje kutoka Mombasa. Ijumaa wenzako walipokuja kutazama mpira nilikuwa jikoni, nikakusikia ukimwambia, kwa sauti laini kabisa, aende akapumzike chumbani, hatazipenda kelele zenu. Aliitikia haraka sana. Alibeba sahani yake akapanda ngazi, akala peke yake. Sikukukemea mbele ya wenzako, kwa kuwa sauti ile niliitambua, ilikuwa yangu.

Nasaha yangu ni hii. Jambo usilolijua, uliza, usijifanye. Na mtu wako akila alivyolelewa, akivaa alivyolelewa, akasema lugha yake, sogea ukae ubavuni pake, na wenzako wakuone umekaa hapo. Wakija tena Ijumaa, panda wewe mwenyewe umshushe, umkalishe katikati yao, umtajie jina la kila mmoja. Wakimuuliza asili yake, mtafsirie pole pole, usiruke neno.

Mungu akupe uso wa furaha mbele za watu, akupe nyumba isiyoishiwa na wageni, na siku utakapozeeka akupe mtoto atakayekushika mkono mbele ya rafiki zake. Haya, inuka. Nyanya yako bado yuko peke yake huko juu, na chai yake haijamalizika.