Mama wa Kuazima

Harufu ya ile dawa nyeupe ya kuoshea vyoo bado hunikaza tumbo. Nikipita kwenye korido ya ofisi yoyote hapa Nakuru mtu akiwa ndio amemaliza kupiga deki, mwili wangu hurudi darasa la tano kabla akili haijafika. Shule yetu ilikuwa pembeni mwa mtaa wa Kaptembwo, madarasa ya mawe yaliyowahi kupakwa rangi ya samawati, na vyoo vilikuwa nyuma kabisa, ng'ambo ya uwanja, vikiegemea ua wa michongoma. Kiangazi kilipokolea, upepo uliinua vumbi letu laini, likaingia machoni, kwenye vitabu na kwenye uji. Changanya vumbi hilo na dawa ile, ongeza mikojo ya watoto waliokuwa wengi kupita kiasi, na utakuwa umeupata muhula ule wote. Ulikuwa muhula wa kwanza, nami niliuishi nikiogopa.

Niliyemwogopa aliitwa Brayo. Alikuwa darasa la nane, sauti ishavunjika, mikono ya sweta ikimwishia karibu na viwiko. Wakati wa mapumziko yeye na wenzake walisimama mlangoni mwa vyoo kama askari wa geti. Ukitaka kupita, ulitoa ulichokuwa nacho: ndizi, kalamu, kipande cha chapati kilichobaki jana. Ukikosa cha kutoa, waliweza kukuacha uingie kisha wafunge mlango kwa nje na kuondoka. Nilifungiwa siku moja. Nakumbuka giza, nzi, na kengele ikilia, kisha miguu mingi ikikimbia kurudi darasani hadi uwanja ukawa kimya. Nilipiga mlango mpaka viganja vikafa ganzi. Nilifunguliwa na msichana wa darasa la nne aliyekuwa amechelewa, naye alifungua komeo na kutimua mbio bila hata kunitazama, maana alijua mwenye mlango ni nani. Kuanzia siku hiyo niliacha kunywa maji. Asubuhi nilimwaga chai yangu Mama alipogeuka, shuleni nikawapa wenzangu uji wangu, na nikajifunza kukaa na kiu hadi jioni nikijiona mjanja sana.

Walimu walisikia habari za Brayo pale mvulana mmoja alipotoka huko nyuma jino likiwa limekatika. Mwalimu wa zamu alimwambia maneno ambayo kila aliyesoma Kenya ameyasikia, kama hakuambiwa yeye basi jirani yake wa dawati: kesho usikanyage hapa bila mzazi. Sisi wadogo tulishangilia kimoyomoyo. Tulidhani mzazi akifika mambo yameisha.

Lakini lazima niwaeleze mambo yalivyokuwa mtaani kwetu. Kaptembwo mwanamke haitwi kwa jina lake. Akizaa, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na jina lake la kuzaliwa linabaki kwenye kitambulisho. Mama yangu, aliyekuwa akishona sare kwenye kibanda cha mabati, alikuwa Mama Chebet kwa sababu Chebet ndiye mimi. Kando ya njia ya kwenda kwetu kulikuwa na mwanamke ambaye hakuwa na mtoto, akiuza makaa kwa mikebe na magunia, na kwa kuwa hakukuwa na mtoto wa kumwita kwa jina lake, watu walimwita kwa biashara. Alikuwa Mama Makaa. Kila jioni mimi ndiye niliyetumwa kwake. Nilimjua sauti, nilimjua mwendo, nilijua hata anavyokohoa kabla ya kusimama.

Sasa hebu fikirieni nilivyoshtuka asubuhi ile niliyopeleka vitabu vya darasa letu ofisi ya walimu, nikamkuta Mama Makaa kwenye kiti cha wageni, amejifunga kitambaa kisafi kichwani, mikono ameisugua hadi imekwajuka, na Brayo amesimama kando yake kwa adabu ambayo sijawahi kuiona. Mwalimu alikuwa akimwambia, "Mama Brayo, huyu kijana wako ametushinda." Naye akawa anatikisa kichwa na kusema, "Pole, mwalimu. Nitaongea na yeye." Mwalimu hakushuku lolote. Walimu wetu wengi walikuja asubuhi kutoka Kiamunyi na mitaa mingine mizuri, wakaondoka jioni, na hawakuwahi kununua makaa kwetu. Mama Makaa aliniona. Akaninyamazia kama mtu asiyenijua. Brayo naye aliniona, na macho yake hayakunitoka mpaka nilipotoka mlangoni.

Alinipata nyuma ya tangi la maji. Hakunipiga, na huenda kama angenipiga ningeogopa kidogo tu. Aliinama, akaniuliza polepole, "Umeona nini?"

"Sijaona kitu," nilimjibu.

"Poa. Ukifungua mdomo, utajua hujui."

Nilibeba maneno hayo kama ndoo iliyojaa. Jioni nilipotumwa makaa, miguu iligoma, kwa sababu sasa hofu ilikuwa pande zote mbili: shuleni kulikuwa na Brayo, na njiani kulikuwa na mtu mzima aliyekuwa upande wake. Nilimnyooshea mkebe nikitetemeka, naye alipima, akamimina kwenye mfuko, akasema, "Salimia mamako," kama kawaida. Hiyo kawaida yake ndiyo iliyonitisha zaidi. Niliona kwamba wakubwa wanaweza kukubaliana na mtu mbaya, kisha wakaendelea kukuuliza habari za nyumbani.

Mwili ndio ulionisaliti. Nilianza kuungua nikienda haja ndogo, kisha homa ikanishika, na asubuhi moja Mama akaona damu. Alinibeba mgongoni mpaka kliniki nikiwa mkubwa wa kubebwa kiasi cha kuchekwa. Daktari akaniuliza kama nakunywa maji, na mimi nikaanza kulia. Nilisema habari za mlango na komeo na nzi. Habari za mama wa kuazima sikuzisema. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache, lakini ukimgusia mtoto wake unamwamsha mwingine. Aliacha sare za watu kwenye cherehani akaenda nyumba kwa nyumba, na kila nyumba aliyoingia alipata mzazi aliyedhani ni mtoto wake peke yake. Kumbe huyu mwanawe amerudi bila sweta, yule anajikojolea njiani, wa tatu anajifanya mgonjwa kila Jumatatu. Wakaenda kwa mwalimu mkuu wote kwa pamoja, wakadai mkutano.

Mkutano ulifanyika katika darasa la nane, wazazi wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Sisi tulioumizwa tuliambiwa tusimame koridoni, karibu na mlango, ili tukiitwa tuingie tuonyeshe kwa kidole aliyetutenda. Mpaka leo sijui ni nani aliyeona hilo ni wazo zuri. Brayo alisimamishwa mbele, mgongo kwenye ubao, na kutoka pale alipokuwa aliniona vizuri. Ndani wazazi walikuwa wakifoka. Baba mmoja aligonga dawati akasema, "Huyu atoke! Atafute shule ingine, hapa si kwa wezi!" Wengine wakamwitikia. Mwalimu mkuu akainua mikono, akasema tumsikilize kwanza mama yake, maana ameitwa na amefika.

Mama Makaa akasimama huko nyuma.

Mtu akacheka. "Mama nani? Huyu si ni Mama Makaa? Hata juzi ameniuzia gunia." Kicheko kikageuka makelele. Mwalimu mkuu aliuliza, "Kwani huyu si mzazi?" na swali lake likawafanya watu wapandishe hasira zaidi, safari hii kwa walimu. Brayo hakumtazama mwalimu wala Mama Makaa. Alinitazama mimi. Nilijua anachofikiri: kwamba nimefungua mdomo. Nilishika ukuta. Kama ningekuwa na nguvu za kukimbia ningekimbia mpaka nje ya Nakuru.

Mama Makaa alingoja makelele yapungue. Akakohoa kile kikohozi chake. "Ni ukweli, sikumzaa," alisema. "Alikuja kwangu akaniambia mwalimu anataka mzazi, na mamake yuko huko Naivasha kwa shamba la maua, akikosa kazi hata siku moja anafutwa. Akasema atanibebea magunia. Nikaona ni kitu kidogo, labda amevunja dirisha. Mambo ya kufungia watoto choo nimeyasikia hapa, na nyinyi." Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, mkono uliokuwa na makaa kwenye kucha safari hii. "Na huyo msichana wa Mama Chebet alinijua siku ile ile. Hajaambia mtu. Kila jioni anakuja kwangu akitetemeka, na mimi najifanya sioni. Hiyo ni makosa yangu, si yake."

Mtu akamuuliza kwa nini basi alikuja leo, akijua mtaa mzima utakuwepo. Akajibu, "Nikikosa, nani mwingine anakuja?" Kisha akamgeukia Brayo. "Uliniita mama mbele ya walimu. Basi leo utanisikiza."

Nilitazamia Mama yangu awararue wote wawili. Alisimama, akawageukia wazazi wenzake. "Mimi sina huruma na huyu kijana. Mtoto wangu amekojoa damu. Lakini mkimfukuza atarudi tu kusimama hapo njiani, na hakuna wa kumuuliza. Leo tumepata wa kuuliza." Walibishana hadi makoo yakakauka. Mwishowe Brayo hakufukuzwa. Alipewa kuosha vile vyoo, na wazazi wakakubaliana kukaa kwa zamu kule nyuma wakati wa mapumziko. Wa kwanza kuja, na aliyekuja hata siku zisizo zake, alikuwa Mama Makaa na kigoda chake. Mwisho wa mwezi mama mzazi wa Brayo alifika kutoka Naivasha, akaketi kwenye magunia ya makaa akalia, na wale wanawake wawili wakamlea kijana kwa simu na kwa kelele. Kabla muhula wa pili haujaisha, mtaa ulikuwa umeshaanza kumwita muuza makaa Mama Brayo, na yeye alikuwa akiitika.

Ningependa kusema kwamba hofu iliniisha. Haikuisha. Brayo hakuniomba msamaha, wala hatukuwa marafiki. Siku moja alinishikia mlango wa choo akasogea kando, na mimi nikabaki nimesimama juani mpaka alipochoka akaenda zake.

Sasa mimi ndiye ninayeishi Kiamunyi. Mwanangu Liam yuko gredi ya nne, na wazazi wa darasa lake hukutana kwenye simu, katika kikundi ambacho mimi ni Chebet tu, namba kati ya namba, na wengi wao singewajua tukikutana sokoni. Juzi alasiri mama mmoja aliandika kwamba binti yake hataki tena kwenda shule. Kuna mvulana anamvizia, anamnyang'anya chakula, anamwambia akisema atakiona. Ujumbe ukafuata ujumbe. Huyo atolewe. Wazazi wengine hawajui kulea. Kisha mtu akaandika jina: ni Liam. Na mwingine akauliza, huyo Liam ni wa nani?

Nilisoma yote nikiwa jikoni. Hakuna aliyejua. Ningeweza kuzima simu, nimhamishe shule muhula ukiisha, nisionekane kamwe. Nilimwogopa mtoto siku zile. Sasa nawaogopa wazazi, na namwogopa pia huyu aliyeketi sebuleni akichora, kwa sababu nilidhani namjua. Nilimwita. Nilimuuliza. Alitazama chini na hakukana.

Nikaandika: "Liam ni wangu. Kesho asubuhi nitakuja naye, na ningeomba kuonana na mama wa huyo msichana." Nikatuma. Niliona wakisoma, mmoja baada ya mwingine.