Siku Niliyomkagua Baba Mkwe Kwenye Skrini

Hapa Toronto kuanguka kwenye barafu mbele ya watu si aibu, kila mtu ataanguka tu siku yake ikifika, kwa hiyo mkimsikia mtu analia kwamba ameaibika kwa sababu hiyo mwambieni anyamaze aje anisikilize mimi, Wafula, mtu mzima mwenye tai na kadi ya kazi shingoni, niliyemvua nguo mzee wa watu (si nguo za mwili, heri zingekuwa za mwili) mbele ya ukumbi mzima wa kanisa, na mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa anipe mke.

Niwaeleze kwanza kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyojichimbia shimo. Niko kwenye kampuni ya malipo katikati ya jiji, na kwa muda sasa shughuli yetu kubwa imekuwa kuwatayarisha wafanyabiashara wanaolipa watu Ulaya kwa yuro, kwa sababu nchi za kule zimekubaliana utaratibu mmoja wa kupokea pesa. Zamani ukishaandika namba ya akaunti sawasawa, kwenye jina ungeweza kuandika hata "Shemeji wa Antwerp" na pesa zikafika. Siku hizi kabla pesa hazijaondoka mfumo unaiuliza benki ya kule kama hilo jina na hiyo akaunti ni vya mtu mmoja. Ikija rangi ya kijani, jina linalingana. Ikija njano, linakaribia, unaweza kuendelea lakini hasara ni yako. Ikija nyekundu, halilingani, na hapo ni wewe na Mungu wako. Nami nilikuwa na msemo wangu wa kufungia kila semina, "Usikisie jina la mtu, muulize," na nilijipenda kwa msemo huo kiasi kwamba niliuchapisha kwenye kalamu za kugawa.

Sasa mchumba wangu, Furaha, ni nesi, mzaliwa wa Bukavu aliyekulia hapa, na mama yake ana duka la vitenge kule Downsview, limebanwa kati ya ghala la matairi na kiwanda cha mikate, ukitoka na kitenge kinanukia mkate. Vitenge vyake vinatoka Brussels, kwa mdogo wa marehemu baba yake Furaha, ambaye dunia nzima humwita Papa Mapasa, yaani baba wa mapacha. Na kwao baba mdogo ni baba kamili. Huyo ndiye aliyepanda ndege kuja kusimamia mahari, akazungumza kutwa nzima kwa methali na suti ya rangi ya maziwa, na ndiye aliyekuwa arudi siku ya harusi kumshika Furaha mkono na kunikabidhi. Baba mwingine hakuna. Na sare ya harusi yetu, vitenge vya akina mama wa pande zote mbili, ilikuwa kwake imeshakatwa, inangoja malipo tu.

Pasta wetu akasikia kazi yangu akaniomba niwafundishe wafanyabiashara wa kanisa Jumamosi moja mchana. Mama Furaha akajitolea, tena kwa fahari ya kuwa na mkwe msomi, tutumie akaunti yake ya yuro kama mfano, na malipo ya sare tuyafanye pale pale watu wakiona. Nikasema sawa. Kufungua orodha yake ya watu wa kulipwa, nikakuta "Papa Mapasa Bruxelles", na chini yake "Dada ya Liège", na "Yule wa uzi". Nikajua hapo pana kazi.

Ningemuuliza Mama Furaha jina kamili la mzee, ingekuwa imekwisha. Lakini mimi ni Mbukusu, kwetu mama mkwe humtazami machoni, sembuse kumhoji, na halafu nimhoji nini? Nimwambie yule mzee aliyekaa na sisi kutwa nzima akipokea mahari yangu simjui jina? Angeniona sikuwa nasikiliza (na kweli sikuwa nasikiliza, nilikuwa nahesabu methali). Basi nikampigia Furaha, akiwa zamu hospitalini, anaharakisha.

"Nafikiri ni Dieudonné Bisimwa," akasema. "Lakini si umuulize Mama?"

Nafikiri! Mtaalamu mzima, mwenye kalamu, nikalichukua hilo "nafikiri" nikaliandika kwa herufi kubwa na kulala usingizi mtamu.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Walikuwapo Wakenya wa vipuri vya magari, Wakongo wa vitenge na mafuta ya nywele, mama mmoja wa Burundi anayeagiza mashine za kahawa, na nyuma kabisa Furaha na wenzake wakimimina chai. Nilianza vizuri sana. Nikamsimamisha Baba Njeri, anayenunua injini kuukuu Hamburg, akasoma anwani ya muuzaji wake kama alivyoiandika, "nyuma ya bandari, uliza Mturuki," watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote nikasema jamani, jina ni jina na mtaa ni mtaa, mambo ya kukisia yameisha. Kisha nikapandisha akaunti ya Mama Furaha kwenye skrini kubwa, ile ya nyimbo za ibada, nikaandika DIEUDONNÉ BISIMWA, nikawaambia, "Sasa tazameni kijani," nikabonyeza.

Nyekundu.

Skrini ile ni kubwa, kwa hiyo nyekundu nayo ilikuwa kubwa. Nikatabasamu, nikasema ni kawaida, nikageuza nikaanza na Bisimwa. Nyekundu. Nikaongeza jina la tatu ambalo mama mmoja alinirushia kutoka safu ya mbele. Nyekundu. Hapo kila mtu akawa mtaalamu, huyu anasema ni Désiré, yule anasema Désiré ni marehemu, na Mama Furaha ameketi amekunja mikono, ananitazama kama mtu anayekumbuka kwamba kulikuwa na mchumba mwingine.

"Si umpigie video tu, tumalizane na hii maneno?" Baba Njeri akasema.

Ndugu zangu, mtu mwenye akili angesema hapana, hilo tutalishughulikia baadaye, tuombe tufunge. Mimi nikamtazama Pasta, Pasta akasema, "Projekta iko tayari, ndugu, Bwana ametutangulia," nikapiga.

Papa Mapasa akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, amevaa aproni yenye maua, mkononi ana sufuria yenye povu. Yule wa suti ya maziwa! Ukumbi ukavuta pumzi. Yeye hakutuona wote, aliniona mimi tu.

"Ah, mukwe! Kuko nini? Batu bote bazima?"

"Wazima, Papa. Nataka kuhakikisha jina lako tu, kwa ajili ya malipo."

"Jina yangu?" Akaweka sufuria chini. "Wee haujue jina yangu? Dieudonné Bisimwa, tangu nilizaliwa."

Hapa ndipo naomba mnisamehe kabla sijaendelea. Jina lilikuwa sahihi. Ningeshukuru tu nikakata simu. Lakini nilikuwa nimeaibishwa na rangi nyekundu mbele ya watu, damu ilikuwa imepanda, nilitaka ukumbi ujue kwamba kosa si langu wala si la mfumo, nikageuka kwa hadhira na kidole nimekiinua, nikasema kwa sauti ya semina, "Mnaona? Kama jina ni sahihi na bado ni nyekundu, maana yake ni moja tu. Akaunti si yake."

Nilisikia mashine ya chai ikichemka.

"Kijana," Papa Mapasa akasema polepole, "unasema miye ni mwizi?"

"Hapana Papa, nasema tu akaunti..."

"Andika jina yangu!" Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma yake, kisha akaingia Mama Mapasa mwenyewe, mfupi, miwani kichwani, akamsogeza mumewe kwa kiwiko. "Espérance Nabintu. Andika. Akaunti ni yangu, na magazini, duka yote, ni yangu. Yeye anasemaka tu ku telefone."

Nikaandika. (Vidole vyangu vilikuwa vimezoea kutii.) Kijani, kijani kibichi ukuta mzima! Akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akasimama na kucheza, Baba Njeri akapiga meza, na mimi, mjinga wa mwisho duniani, nikabonyeza, nikaona malipo yameondoka na semina imeokoka, nikasema ile sentensi ambayo hadi leo nikiikumbuka huwa nafunika uso kwa mto: "Mfumo haudanganyi!"

Hapo ndipo Papa Mapasa alipoelewa kwamba hakuwa anazungumza na mimi peke yangu. Alitazama vigelegele vinakotoka, akaitazama aproni yake, akakata.

Furaha aliweka birika chini akatoka nje. Nilimkuta kwenye gari, nikaanza kumweleza kwamba malipo yamefika sekunde ile ile, ndiyo faida ya utaratibu mpya, akanitazama mpaka nikanyamaza mwenyewe.

"Ametuma ujumbe," akasema. "Haji. Anasema mtafute yule mwenye akaunti aje akukabidhi mke." Akafuta macho na mkono wa koti. "Umenipa kitambaa, Wafula. Umeninyima baba."

Niliona aibu ambayo haikuwa na uhusiano na watu kuniona, ile ya kujua umemuumiza mtu uliyetaka kumfurahisha.

Wazee wa Kikongo wakanikalisha chini wakanitoza faini, mbuzi mzima kwa kumdharau baba. Nikaenda kwa muuza nyama wa Thorncliffe Park, karibu na ninapoishi, nikauliza bei ya mbuzi, kisha nikakumbuka kwamba mbuzi hawezi kwenda Brussels, ikabidi nitume thamani yake kwa yuro. Nadhani mnajua nilituma kwenye akaunti gani, na kwa jina gani. Ilikuja kijani. Mbuzi wa kuomba radhi kwa mume aliingia kwa mke, na kila nilipopiga simu kuomba radhi kwa mdomo aliyepokea ni Mama Mapasa, ananishukuru kwa mbuzi.

Hatimaye siku moja alipokea mzee mwenyewe. Nilijitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Aliniambia kwamba walipofika Ubelgiji karatasi za mke wake zilitoka mapema, zake zikakaa miaka, hawezi kufungua akaunti, hawezi kukodi duka, hawezi hata kuandikisha simu, kwa hiyo kila kitu kiliandikwa jina la Mama Mapasa, na zilipotoka zake duka lilikuwa limeshakuwa la mke kweli, na haikumuuma kwa sababu mke hakuwahi kumkumbusha. "Ile mambo haikukuwa siri ya aibu, mukwe," akasema. "Ilikuwa yetu tu. Wee ukaitia ku ukuta." Nikalia. Naye akaniacha nilie, kisha Mama Mapasa akasikika kwa nyuma, "Mwambie atakuja! Tikiti ninakata miye."

Basi alikuja. Harusi ilikuwa ukumbi mmoja kule Richmond Hill, akina mama wote ndani ya vitenge vile vile, na Papa Mapasa ndani ya suti ya rangi ya haradali, amemshika Furaha mkono, amefika mbele yangu. Nikanyoosha mikono kumpokea bibi harusi. Mzee hakumwachia. Akaomba kipaza sauti.

"Mukwe," akasema, "mbele sijakupatia mutoto wangu, batu bote basikie. Majina yako kamili ni nani? Vile iko ku karatasi."

Ukumbi ukaanza kutingishika. Mama Furaha, ambaye hajawahi kucheka mbele yangu kwa sababu ya heshima, alificha uso ndani ya kitenge.

"Protus Wafula Simiyu," nikasema, jasho linanitoka.

"Furaha," akamgeukia, taratibu kabisa, kama mimi nilivyogeukia hadhira siku ile, "jina inalingana?"

Furaha akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Aliniacha hapo, nimenyoosha mikono hewani mbele ya ukoo wangu na wake, na picha zinapigwa.

"Inakaribia, Papa."

Watu walianguka chini kwa kicheko. Mzee akatikisa kichwa, akauweka mkono wa Furaha ndani ya wangu, akasema kwenye kipaza sauti kwamba basi tuendelee, lakini hasara ni ya Furaha. Tangu siku hiyo zile kalamu nimezitupa, na nikitaka jina la mtu namfuata mwenyewe, tukiwa wawili, mlango nimeufunga, na skrini yoyote iliyo karibu nimeichomoa ukutani.