Siku Chemutai Alipotaka Kumwagiwa Maji

Chemutai aliniambia kabla hata chai haijachemka, tukiwa jikoni kwake Saboti, karibu na Kitale, nilikokuwa mgeni wake, yeye akisukuma kuni mekoni kwa ncha ya fimbo yake.

"Leo watanimwagia maji," alisema. "Wasiponimwagia, basi mimi sijazaliwa."

Kwa msomaji wa mbali, nieleze. Katika sehemu kubwa ya Kenya siku hizi, mtu akifikisha siku yake ya kuzaliwa humwagiwa maji. Keki inaweza kukosekana na zawadi pia, lakini maji hayakosi. Utaviziwa nyuma ya mlango au njiani ukitoka chooni, na kitakachokushukia ni jagi, ndoo au beseni la vyombo. Nimekula keki za kuzaliwa Kampala na Muscat, na kule Antwerp niliona mzee mmoja akiimbiwa kwa lugha tatu, lakini sijaona kwingine ambako watu wanaokupenda wanakuthibitishia kwa kukuharibia nywele. Kuna sheria moja tu, na kila mtoto anaijua: maji hayo hayaombwi. Ukiyaomba, umejiogesha tu.

Chemutai mwenyewe alikuwa mmwagaji hodari. Mkulima wa vitunguu, mjane, mikono mipana. Aliwalowesha watoto wake wote mwaka baada ya mwaka. Kifungua mimba wake, Kipsang, alimwagiwa asubuhi ya mtihani wa mwisho wa sekondari, sare ikiwa imetoka tu kupigwa pasi. Marehemu mume wake alimwagiwa hadi mwaka aliofariki. Inasemekana hata pasta aliwahi kuipata ndoo nzima, na haikuwa bathdei yake. Alitangulia tu kuingia mlangoni mbele ya Linet, kitinda mimba.

Yeye hakuwahi kumwagiwa hata tone. Hakuna aliyeijua siku yake. Kitambulisho kinasema Januari mosi, kama cha maelfu ya watu wa umri wake, na Januari mosi nyumba nzima huwa imelala kwa uchovu wa mwaka mpya. Mama yake alimwambia jambo moja tu: alizaliwa mahindi yakitoa ndevu. Kwa hiyo ni Julai. Mwaka huu akawatangazia watoto kwamba ni Jumamosi hii. Kipsang alipouliza ameijuaje, alijibiwa, "Ni mimi nilizaliwa. Nimechagua."

"Kwa nini mwaka huu?" nilimuuliza.

Aliitazama fimbo. Mwaka uliopita aliteleza kwenye banda la ng'ombe akavunjika nyonga, akalazwa muda mrefu Kitale. Alirudi nyumbani akakuta jembe limefichwa na ng'ombe amehamishiwa kwa Kipsang.

"Wananibeba kama trei ya mayai," alisema. "Zamani Linet alikuwa ananijibu vibaya, tunagombana mpaka majirani wanakuja. Sasa ni 'sawa mama, sawa mama.' Mtu anaambiwa sawa kila saa ni mtu wameshaanza kumzika. Unaelewa, mgeni? Mtu hamwagii maji maiti."

"Basi niwadokeze?"

"Ukiwadokeza utalala huko nje na mbwa."

Wajukuu, ambao wangemwaga bila kufikiri mara mbili, walikuwa shuleni bwenini. Walibaki watu wazima, wenye adabu zao.

Kipsang alifika na Probox iliyooshwa hadi tairi. Ni naibu wa mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, na siku hiyo alikuwa amevaa suti ya kijivu. Mkewe, Mwihaki, mzaliwa wa Tongaren anayefanya biashara ya nafaka Kitale, alikuwa ameleta mto wa kiti cha mbele. Mpango ulikuwa kumtembeza mama kuona miji: Kitale asubuhi, halafu Bungoma, ambako Linet anafanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo, na huko tungekula chakula na kukata keki.

"Mama, leo wewe ni kukaa tu," Kipsang alisema akimfunga mkanda. "Usishike kitu."

Mama akanigeukia nyuma. Macho yake yalisema: umesikia?

Kitale tuliiona kupitia kioo. Kipsang alipunguza mwendo kila mahali na kueleza kama anayesoma tangazo: hii ni stesheni ya zamani ya reli, hili ni jengo jipya la benki, pale zamani palikuwa na soko.

"Pale nimeuza kitunguu tangu uko mgongoni," Chemutai alisema. "Nafika giza, narudi kabla jua halijakuwa kali. Sijui hii Kitale inafanana aje watu wakiamka. Simamisha nishuke."

"Mama, mguu."

"Mguu uko. Si ndio huu?"

"Tutashuka makumbusho. Huko kuna viti."

Makumbusho kuna nyoka nyuma ya vioo na kobe wanaotembea kama wanaoenda kudai haki. Kuna pia mfereji wa maji, na chini yake ndoo iliyojaa. Chemutai aliwaacha kobe, akaenda akasimama kando ya ndoo, ametupa mgongo. Akangoja. Alijishughulisha na kufunga kitambaa kichwani, kisha akakifungua. Mwihaki alikuwa hatua chache tu nyuma yake.

"Mama," Kipsang aliita, akaja mbio. "Hapo kuna tope, utateleza." Akamshika kiwiko, akamrudisha kwenye kiti.

Njiani Chemutai alitaka parachichi, na maparachichi lazima yawe ya Kamukuywa. Tukasimama. Pale sokoni mama mmoja alikuwa akinyunyizia sukuma wiki maji kwa mkebe uliotobolewa matundu, mkono ukienda huku na huku. Chemutai alipita maparachichi, akaenda akajipanga mbele ya sukuma.

"Mama, songa nyuma, utarowa!" muuzaji alipiga kelele.

"Haina shida."

"Aa-a! Na nguo mzuri hivi? Watoto wako watasema sisi watu wa Kamukuywa hatuna heshima. Songa, mama, songa." Akauficha mkebe nyuma ya mgongo.

Tukaondoka na maparachichi mengi na mama mkavu. Ndani ya gari Mwihaki, anayeyasoma mambo haraka kuliko mumewe lakini si haraka vya kutosha siku hiyo, akauliza, "Mama, umechoka?"

"Mimi sijachoka, Mama Jelimo," alimjibu, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Ni nyinyi mmechoka."

Kipsang akaongeza mwendo, akidhani anaharakishwa.

Bungoma, Linet alikuwa akitungoja nje ya duka na chupa ya maji mkononi. Chemutai aliiona ile chupa kabla ya kumwona bintiye. Alishuka mwenyewe, bila kusubiri mkono wa mtu, akasimama wima mbele yake. Linet akafungua kifuniko. Nilimwona mama akifumba macho.

"Chukua, mama. Najua hujakunywa dawa ya saa sita."

Alikunywa dawa. Kibaya zaidi, alisema asante.

Tukazungushwa tena. Stesheni ya Bungoma, kupitia kioo. Soko, kupitia kioo. Barabara ya kwenda Kanduyi na msururu wa bodaboda, kupitia kioo, na vioo vilikuwa vimepandishwa kwa sababu Linet alisema upepo si mzuri kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji. Waendesha bodaboda walikuwa wakitaniana, mmoja akacheka mpaka akashika magoti, na Chemutai akagonga kioo kwa ukucha. "Amesema nini?" aliuliza. Hakuna aliyesikia.

Chakula kilikuwa kwenye hoteli moja yenye bustani, meza zikiwa juu ya nyasi. Keki ilikuwa imeandikwa "Mama Yetu" kwa sukari ya waridi. Kuku wa kienyeji alikuwa anakuja, na ugali wa wimbi. Tuliimba. Alizima mishumaa kwa pumzi moja, na Linet akapiga makofi polepole, kama anavyopigiwa mtoto aliyemaliza uji. Kisha Kipsang akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Kwa niaba ya familia," alianza, "tunamshukuru Mungu kwa kutuhifadhia mama. Wengi wa rika lake wametangulia. Sisi tumebakishiwa. Kazi yetu sasa ni kumtunza, asiguswe na baridi, asiguswe na jua, apumzike mpaka siku ile—"

Mhudumu akatokea na jagi la maji ya kunawa na beseni. Mwihaki, kama inavyompasa mke wa mtoto wa nyumbani, alivipokea, akapiga goti kidogo mbele ya mama mkwe na kuanza kummiminia mikononi, taratibu, maji ya uvuguvugu. Chemutai alinawa. Alinawa tena. Alikuwa akimsikiliza mwanawe.

"—mpaka siku ile Bwana atakapomwita."

"Leta hiyo," Chemutai akamwambia Mwihaki.

"Mama?"

"Jagi. Leta."

Akalichukua. Akaegemea meza kwa mkono mmoja, akainuka bila fimbo, akammwagia Kipsang lote, kuanzia utosini.

Suti ya kijivu ikawa nyeusi. Maji yalimteremka puani, yakaingia kwenye kola. Watu wa meza za jirani waligeuka kutazama. Naibu wa mwalimu mkuu alisimama na mdomo wazi, bado amenyanyua kidole cha hotuba.

"Mama!" hatimaye alisema. "Kwani bathdei ni yangu?"

"Si yako?"

"Si ni yako!"

"Mimi nashangaa," Chemutai alisema. "Tangu asubuhi nauliza mwenye bathdei ni nani. Siku inaenda na hakuna mtu amelowa."

Linet ndiye aliyeelewa kwanza, na kicheko kilimponyoka kupitia pua. "Kumbe! Kule kwa kobe! Mwihaki aliniambia kwa simu ati mama amesimama kwa mfereji na hataki kutoka. Kumbe ulikuwa unangoja!"

"Nyamaza wewe, na dawa zako."

"Ati nyamaza? Ni wewe ungesema, bana!"

"Hayasemwi! Nani alikufunza hii maneno ya kusema? Nilikuzaa nikasahau kukufunza?"

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia Linet akimjibu mama yake vibaya, na uso wa mama uling'aa.

Kipsang hakucheka. Alifuta macho kwa mkono. Kisha akaliinamia beseni lililokuwa chini, akalinyanyua.

"Hayo ni ya kunawa!" Mwihaki akapiga yowe.

Akayamwaga kwenye ua. Akamgeukia mhudumu. "Kijana, mfereji uko wapi?"

"Huko nyuma, mzee. Lakini usimwagie kwa kiti, kitaharibika."

Alitembea kuvuka bustani nzima, viatu vikilia chap, chap, na watu wote wakimfuata kwa macho. Akarudi na beseni limejaa. Chemutai alikuwa ameshasogea mbali na kiti. Alisimama juu ya nyasi peke yake, kitambaa kimewekwa mezani, mvi zake wazi.

Kipsang aliinua beseni. Akainamisha kidogo, kijito chembamba kikamgusa mama kwenye paji.

"Unabatiza ama unamwaga?" Chemutai aliuliza.

"Mama, nyonga yako. Maji ni baridi."

"Nyonga haiko kichwani. Kipsang, nilikuharibia sare siku ya mtihani. Ulifeli?"

"Sikufeli."

"Mwaga."

Akamwaga. Lote, kwa nguvu, kama mtu anayelipiza tangu utotoni, na Chemutai akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Linet akaja na chupa yake. Mwihaki, baada ya kutazama kushoto na kulia kana kwamba ukoo mzima wa Tongaren ulikuwa ukimwona, akachota kikombe cha maji na kumrushia mama mkwe mgongoni, halafu akajificha nyuma ya mumewe.

Kuku aliletwa, akaliwa na mtu aliyelowa. Alikataa shali, alikataa kubadilisha nguo, na Linet alipomwambia atapata homa, walibishana mpaka ugali ukapoa.

Baada ya chakula Kipsang alitoa funguo za gari.

"Rudisha mfukoni," mama yake alisema. "Mji nimeuona kwa dirisha. Sasa nataka kuuona."

Akatangulia kutoka langoni, gauni limemganda mapajani, fimbo ikigonga lami, akielekea moja kwa moja kwenye kile kituo cha bodaboda tulichokipita kwa gari. Sisi wanne tulimfuata, Kipsang akiacha matone nyuma yake. Yule kijana aliyekuwa akicheka mpaka kushika magoti alimwona akija.

"Gogo! Nyanya yetu, mvua imenyesha wapi?"

"Kwangu tu," Chemutai alimjibu. "Na wewe, saa ile ulikuwa unacheka nini? Nieleze."

Wakamsogezea kiti cha pikipiki aegemee. Akakikataa, akasikiliza akiwa amesimama.